Mjadala wa Jopo Umepooza: Dalili, Vyanzo na Tiba kwa Waandalizi wa Makongamano ya Teknolojia Malindi na Lamu

Kongamano likiwakutanisha maafisa wa serikali na watu wa kampuni za teknolojia, kipindi kinacholalamikiwa zaidi huwa kilekile: mjadala wa jopo. Kwenye ratiba kimeandikwa "mjadala shirikishi". Ukumbini, watu watano wamekaa kwenye makochi meupe, kila mmoja ana karatasi zake mapajani, na wasikilizaji mia mbili wameinamia simu.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa kipindi hicho, awe ofisa wa mawasiliano wa kaunti, mfanyakazi wa kampuni, au kijana wa kujitolea aliyeambiwa tu "hiyo ya jopo ishughulikie wewe". Nimeupanga kwa dalili kwa sababu ndivyo tatizo linavyojitokeza: chanzo hukioni, unachoona ni watu wanapiga miayo. Msimamo wangu nautoa mapema. Lawama nyingi hutupiwa mitambo na msimamizi wa mjadala, lakini mara nyingi mjadala huwa umeshauawa wiki kadhaa nyuma, kwenye barua ya mwaliko. Ndiyo maana tiba nyingi hapa chini ni za mezani, kabla hata viti havijapangwa.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue jopo la kubuni. Mada ni jinsi data ya setilaiti inavyoweza kumsaidia mvuvi wa Kilifi na Lamu. Mahali ni ukumbi wa hoteli Malindi, muda dakika sitini. Mada hii haikulazimishwa ije hapa: Ngomeni, kaskazini ya mji, ndiko kilipo kituo cha anga cha Luigi Broglio cha Waitaliano, na kwenye jukwaa lake lililo baharini zilirushwa setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Jopo lina watu wanne: ofisa wa wizara kutoka Nairobi, ofisa wa uvuvi wa kaunti, mtu wa kampuni ya data, na mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, kile ambacho kila mtu pwani hukiita BMU.

Dalili: kila mwanajopo anasoma hotuba

Anza na barua. Ukimwandikia ofisa "tunakualika utoe mada kuhusu mchango wa wizara katika uchumi wa buluu", utaletewa mada. Barua itapokelewa na katibu muhtasi, itapelekwa kwa msaidizi, msaidizi ataandika kurasa nane, na kurasa nane zitasomwa. Hakuna aliyekosea hapo, umepewa ulichoomba.

Chanzo cha pili ni mwakilishi. Uliyemwalika hakuja. Amemtuma ofisa mwingine, ambaye karatasi ameiona kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya ndege. Huyu hasomi kwa uvivu. Anasoma kwa sababu ile karatasi ndiyo mamlaka pekee aliyopewa. Akitoka nje ya mstari, kesho ataulizwa ofisini nani alimtuma kusema hayo.

Kipimo ni rahisi. Wiki moja kabla, mpigie simu anayeandika hotuba (mkubwa mwenyewe mwache) na umwulize amefika wapi. Akikuambia "rasimu iko tayari, tunasubiri slaidi", jua jopo lako limegeuka mfululizo wa hotuba.

Tiba ni kuandika barua upya, na kuiandika kwa namna isiyoacha mwanya. Kitu kama hiki:

"Hakutakuwa na hotuba wala slaidi katika kipindi hiki. Utaulizwa maswali matatu, nayo ni haya. Kwanza: Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023; picha ya setilaiti ikifika Nairobi leo, inapitia madawati mangapi kabla ya kumfikia ofisa wa uvuvi wa Malindi? Pili: ni dawati gani kati ya hayo lingeweza kuondolewa bila kubadilisha sheria? Tatu: mwenzako wa kaunti akusaidie nini ambacho hadi sasa hajakusaidia? Kila jibu lina dakika mbili. Endapo hutaweza kufika, tunaomba jina la atakayekuwakilisha siku saba kabla, ili naye tumtumie maswali haya."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa. Mwakilishi aliyeletewa maswali mapema huenda kwa mkubwa wake kuomba ruhusa ya kuyajibu, naye hupewa. Mwakilishi aliyeletewa karatasi hana la kuomba.

Na kama umechelewa, karatasi ziko mapajani na kipindi kinaanza? Msimamizi asimnyang'anye mtu hotuba yake mbele ya watu. Aseme: "Mheshimiwa, hotuba yako yote tutaiweka kwenye kumbukumbu za kongamano. Niruhusu nianze na pale ulipozungumzia ucheleweshaji wa picha." Hotuba imeheshimiwa, mwenye hotuba amepewa mlango wa kuingilia, na mara nyingi karatasi huwekwa chini yenyewe.

Kuna ndugu yake mdogo tatizo hili: salamu. Wanajopo wanne, kila mmoja akimtaja Gavana, Kamishna wa Kaunti, wabunge, madiwani, wazee na wadhamini kwa zamu, dakika kumi zimekwisha kabla neno "setilaiti" halijatamkwa. Mshereheshaji awatambue wageni wote kikamilifu, kwa vyeo na kwa mpangilio sahihi, kabla jopo halijapanda. Kisha msimamizi aseme mara moja tu kwa niaba ya wote, "itifaki imezingatiwa", na wanajopo wawe wameelezwa hivyo pembeni. Usijaribu kuifuta itifaki kabisa. Utaokoa dakika mbili na kupoteza mgeni wa heshima.

Malindi ina tatizo la ziada la aina hii. Mzungumzaji wa kwanza akisikia "anga" hawezi kujizuia: ataanza na jukwaa la San Marco, lile la baharini pale Ngomeni, aende kwa setilaiti ya Uhuru iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru, aeleze kwamba ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani. Historia tamu, mimi mwenyewe hainichoshi. Iwekwe kwenye bango mlangoni, watu waisome wakinywa chai.

Dalili: kila swali linajibiwa "suala hilo linashughulikiwa"

Hapa usikimbilie kumlaumu ofisa. Jibu hilo lina vyanzo vitatu tofauti, na tiba ya kimoja haiponyi kingine.

Inawezekana umemwuliza mtu asiyehusika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa kazi kati ya serikali ya taifa na kaunti. Uvuvi uko upande wa kaunti. Mawasiliano ya simu yako upande wa taifa. Ukimwuliza ofisa wa uvuvi wa kaunti kwa nini mtandao wa simu unasumbua visiwani, hana la kusema isipokuwa kwamba linashughulikiwa. Kabla ya kupeleka maswali, pitia kila moja na uandike pembeni ni kazi ya nani kisheria. Swali lisilo na mwenyewe ukumbini lifutwe, au mwenyewe aalikwe.

Chanzo cha pili ndicho ambacho waandalizi wengi hawakifikirii: zabuni. Tuseme kaunti imetangaza zabuni ya mfumo wa kutuma taarifa kwa wavuvi, na wewe umemkalisha ofisa wa kaunti kochi moja na mtu wa kampuni iliyoomba kazi hiyo. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka ushindani wa haki, na neno moja la ofisa jukwaani linaweza kutafsiriwa kuwa amependelea. Anaponyamaza anajilinda, na anakulinda na wewe. Kabla ya kufunga orodha ya wanajopo, uliza kitengo cha ununuzi cha kila ofisi unayoialika kama kuna zabuni iliyo wazi inayogusa mada. Ikiwepo, hamisha mtu wa kampuni kwenye kipindi kingine au badilisha swali liwe la miradi iliyokwisha. Usidhani msimamizi hodari ataweza kumkamua. Na akiweza, ndiyo mbaya zaidi.

Chanzo cha tatu ni kamera. Ofisa yuleyule aliyekueleza ukweli wote wakati wa chai, jukwaani amekuwa jiwe kwa sababu kuna waandishi wa habari na matangazo ya moja kwa moja. Baadhi ya waandalizi hujaribu kutumia ile kanuni ya Chatham House, iliyoanza London mwaka 1927: yaliyosemwa unaweza kuyatumia, ila usitaje aliyesema wala ofisi yake. Ni kanuni nzuri kwa chumba cha watu ishirini wanaojuana. Kwa ukumbi wa mia mbili wenye simu mkononi haina maana, na pamoja na matangazo ya moja kwa moja ni kichekesho. Ninachopendekeza ni kuvitenganisha. Siku hiyo hiyo asubuhi, wanajopo na watu wachache wakae faragha nusu saa chini ya kanuni hiyo, waseme yote, kisha wakubaliane ni mambo gani mawili au matatu watayabeba hadi jukwaani. Mjadala wa wazi utakuwa na nyama, na hakuna aliyechomwa.

Dalili: mtu wa kampuni anauza bidhaa

Chanzo karibu kila mara ni karatasi ya udhamini. Mtu aliyeambiwa kuwa mdhamini wa daraja la dhahabu anapata kiti kwenye jopo ameshalipia dakika zake, na ana haki ya kuzitumia atakavyo. Uza kitu kingine: meza ya maonyesho, chakula cha mchana, jina kwenye mifuko, hata dakika tano za kuzungumza peke yake kabla ya jopo na ijulikane hivyo. Kiti cha jopo kitoke kwenye orodha ya bei.

Kama ameshauziwa, mpe swali hili mapema kwa maandishi: mradi wenu mmoja uliokwama ulikwama wapi? Kampuni makini hulipenda swali hilo kwa sababu linawatofautisha na wapiga debe. Halafu mkalishe karibu na mteja. Mwenyekiti wa BMU ambaye kikundi chake kilijaribu programu fulani ya simu na kikaiacha ni dawa tosha ya matangazo. Mtu hasifii chombo chake kupita kiasi akiwa amegusana bega na aliyekitumia.

Dalili: wanajopo wote wanakubaliana

Umewachagua kutoka upande mmoja. Tafuta mmoja anayelipa gharama ya yale ambayo wengine wanayasifu. Basi.

Dalili: "Maswali? Hakuna? Basi tuwashukuru"

Ukumbi ukinyamaza, waandalizi husema watu wa pwani ni wapole. Si kweli, nenda bandarini asubuhi samaki wanapopigwa mnada uone upole huo. Ukumbi hunyamaza kwa sababu umefundishwa kunyamaza kwa dakika hamsini, kisha ghafla unaambiwa uongee kwa kumi zilizobaki, tena chakula kinanukia.

Kwa hiyo ushirikishwaji uanze dakika ya tano. Hata kuinua mikono kunatosha: nani hapa alipata taarifa ya hali ya bahari kwenye simu wiki hii? Wanajopo wenyewe wataangalia mikono, na majibu yao yatabadilika hapohapo. Dakika ya ishirini, waambie watu wageukiane wawiliwawili kwa dakika mbili na waandike swali moja. Asiyethubutu kusimama mbele ya mheshimiwa hashindwi kumnong'oneza jirani yake, na likishaandikwa na wawili linakuwa swali la wawili.

Halafu kuna lugha. Mabango kwa Kiingereza, salamu kwa Kiingereza, msimamizi kwa Kiingereza, halafu mnashangaa mbona safu za nyuma hazisemi. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo hakuna ofisa anayevunja utaratibu akijibu kwa Kiswahili. Wengi wangependa, ila wanasubiri mtu aanze. Msimamizi aanze yeye, na swali la kwanza kutoka ukumbini lisomwe kwa Kiswahili. Wataalamu waelezwe kabla wajiandae na maneno; mtu asiyewahi kueleza kazi yake kwa Kiswahili huhitaji siku mbili tatu za kuyatafuta, na ni afadhali ayatafute nyumbani kuliko jukwaani.

Angalia karatasi inavyofanya kazi. Kwenye jopo letu, mzee mmoja wa BMU amekaa karibu na mlango, kofia ameiweka gotini, na tangu asubuhi hajasema neno. Kijana wa huduma anampitishia karatasi na kalamu. Anaandika kwa herufi kubwa, taratibu, anaikunja mara mbili. Msimamizi anaifungua na kusoma: "Hiyo picha yenu ikinifikia saa nne, mimi nishatoka baharini. Nani ataniletea saa kumi alfajiri?" Kwa swali hilo moja mjadala umehama. Ofisa wa wizara alikuwa anazungumzia ubora wa picha, mtu wa kampuni alikuwa anazungumzia programu. Sasa wote wanne inabidi wazungumzie saa. Na tazama: mzee huyo asingesimama hata kama kipaza sauti kingeletwa mdomoni mwake.

Kinyume chake pia kipo, yule anayeshika kipaza sauti na kutoa hotuba ya pili ya mgeni wa heshima. Chanzo ni kwamba mmempa kipaza sauti. Kibaki mkononi mwa mhudumu, yeye akisogeze na yeye akiondoe. Mhudumu awe mtu mzima mwenye haya kiasi na uthabiti kiasi. Mtoto wa shule hawezi kumwondolea diwani kipaza sauti.

Dalili: kura ya simu imegoma

Skrini inasema "changanua msimbo wa QR upige kura". Watu wananyanyua simu, wanasubiri, wanazishusha. Matokeo: kura kumi na moja. Kabla ya kumwita fundi, uliza jambo moja: ni simu zote au za baadhi?

Zikiwa za baadhi, tazama wamekaa wapi na wameunganishwa na nini. Walioshikwa na waifai ya hoteli mara nyingi wamekwama kwenye ule ukurasa unaodai namba ya chumba. Waambie wazime waifai watumie data yao. Wengi watafanikiwa papo hapo. Walioko nyuma huenda tatizo lao ni ukubwa wa msimbo. Kanuni inayotumiwa sana ni moja kwa kumi: aliye umbali wa mita 15 anahitaji msimbo wenye upana wa mita moja na nusu. Hakuna skrini ya hoteli itakayokupa hiyo pamoja na maandishi mengine. Chapisha msimbo kwenye karatasi, uweke kila meza au kila kiti cha pili, na uandike pia anwani fupi ya kuandikwa kwa mkono.

Zikigoma zote, ni waifai ya ukumbi. Imewekwa ihudumie wageni waliotawanyika vyumbani na bwawani, na wewe umeikusanyia mia mbili chumba kimoja. Kwenye masafa ya 2.4 GHz kuna njia tatu tu zisizoingiliana, kwa hiyo kuongeza vifaa bila mpango ni kuongeza kelele. Lamu mjini kuna jambo jingine: kuta nene za mawe ya matumbawe za nyumba za kale hula mawimbi. Kifaa kilicho uani hakimfai aliye ndani ya ukumbi, hata kama ni hatua kumi. Na kupima asubuhi ukumbi ukiwa mtupu hakukuambii kitu. Pima wakati wa kipindi cha ufunguzi, watu wakiwa wamejaa, huku wewe umesimama safu ya mwisho.

Kompyuta inayoonyesha matokeo iwe na njia yake ya intaneti, kwa kebo au kwa laini ya simu ya mtandao tofauti na ule ambao wengi ukumbini wanautumia. Na yote hayo yakiwa sawa, bado kuna watu wenye kabambe, zile simu ndogo za vibonye. Hawa ndio wavuvi ambao jopo linawazungumzia, na ndio wa kwanza kuachwa nje ya kura. Kadi mbili za rangi kwa kila mtu, kijani na nyekundu, zinamaliza kazi. Hazihitaji chaji, na wanajopo wanaona ukumbi ukigeuka mwekundu mbele ya macho yao, jambo ambalo chati ya skrini haiwezi kulifanya kwa nguvu ileile. Kusema kweli, swali likiwa la ndiyo au hapana, mimi ningeanza na kadi na kuacha simu kwa maswali ya kuandika.

Maswali ya kuandika yapitie kwa mtu kabla hayajaonekana skrini. Majina yakifichwa, haichukui muda kabla siasa za wadi hazijapanda juu ya ukuta.

Dalili: sauti

Mlio mkali: aliyeshika kipaza sauti yuko mbele ya spika. Sogeza spika mbele ya jukwaa, ziwaelekee watu. Sauti inakatika: betri, au vipaza sauti viwili visivyo na waya viko kwenye masafa mamoja. Betri mpya kila baada ya vipindi viwili, hata kama fundi anasema "dada, hizi nimetia jana tu".

Vipaza sauti vidogo vya kubana kwenye nguo huwatesa wanawake wanaovaa mtandio au buibui. Kitambaa hukwaruza, na kikifichwa chini ya nguo sauti inafifia. Wape cha mkononi au cha mezani, na waulizwe faraghani kabla ya kupanda, na mwanamke. Ukumbi wa makuti wazi upande wa bahari una sauti nzuri kwa sababu makuti hayarudishi mwangwi, lakini msimu wa kusi upepo huvuma ndani ya vipaza sauti; kofia za sponji ni lazima. Ukumbi wa vigae na vioo ni kinyume chake: hakuna upepo, mwangwi tele, na mapazia huwa yamefungwa pembeni kwa urembo. Yafungue yaning'inie.

Umeme ukikatika, jenereta huwaka baada ya muda mfupi, lakini ruta na projekta huanza upya na kula dakika kadhaa. Kibetri cha akiba kwa ruta peke yake kinaokoa kura nzima.

Dalili: jopo la dakika sitini limebaki na ishirini na tano

Chanzo hakiko kwenye jopo, kiko asubuhi. Mgeni wa heshima amechelewa, na kila kitu kimesukumwa mbele. Kwa Lamu, ratiba iandikwe na mtu anayejua kwamba uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda na mgeni bado ana boti ya kupanda, na kwamba aliyekuja kwa barabara anaishia Mokowe naye avuke. Maji yakiwa yamekupwa, kupanda ngazi za gati na viatu vya ofisini na mkoba wa laptopu ni shughuli nyingine. Kwa Malindi, aliyetua Mombasa ana karibu kilomita 120 za barabara na foleni ya Mtwapa katikati. Waliolala hapohapo ndio wa kupangwa asubuhi. Jopo lenye wageni wa siku hiyo liwe la alasiri.

Usipange jopo saa tano na nusu hadi saa saba. Adhuhuri inaingia baada ya saa sita kidogo, na adhana itasikika hasa pale mjadala unapopamba moto. Msimamizi anayeendelea kuongea juu ya adhana Lamu ameshapoteza ukumbi, hata wasioswali watamwona hana adabu. Ijumaa mchana usiiguse. Angalia pia kalenda ya Maulidi: wakati huo Lamu hujaa wageni, na vyumba ulivyodhani utavipata vina watu.

Muda ukishapotea, desturi ni kukata maswali ya watu ili wanajopo wamalize kauli zao za ufunguzi. Kata kauli za ufunguzi. Wasifu wa wanajopo nao umo kwenye kijitabu. Msimamizi anayewasomea watu shahada za kila mmoja anakula muda wa mzee aliyeko mlangoni.

Dalili: mjadala ulinoga, kisha hakuna kilichofuata

Karatasi za maswali yasiyosomwa hubaki kwenye bahasha, bahasha hubaki kwenye buti la gari. Kabla watu hawajatoka, msimamizi aseme maswali mangapi yamebaki na kila fungu limekabidhiwa kwa mwanajopo gani, kwa jina, ukumbi ukisikia. Mwanajopo ajibu kwa maandishi, jibu moja fupi kwa kila swali, na BMU ipelekewe majibu kwa ujumbe wa simu kwa sababu wengi hawatafungua ripoti ya kurasa arobaini.

Kwa hilo utahitaji namba zao, na hapo unaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Juu ya karatasi ya swali andika sentensi moja: namba yako tutaitumia kukuletea jibu la swali lako tu, na kuiandika si lazima. Wiki moja baadaye mdhamini atakupigia akiomba orodha ya waliohudhuria pamoja na simu zao, kwa ajili ya kudumisha uhusiano. Kama karatasi haikusema itamfikia, jibu lake ni hapana, na ni vizuri awe ameliona kwenye mkataba wa udhamini kabla hajatoa hata shilingi.